Majira nukta

Nahodha anayevuka kutoka kisiwa cha Bwejuu kwenda Kilindoni, Mafia, hana budi kushika majira. Kwa watu wa pwani neno hili, mbali na maana ya wakati, ni njia ya chombo baharini, na chombo kilichokosa njia husemwa kimepotea majira. Waliotunga istilahi za hisabati walilichukua, wakaliambatanisha na nukta, tukapata majira nukta: jozi ya namba inayosema nukta iko wapi. Namba ya kwanza huhesabu kwenda kulia au kushoto, ya pili juu au chini. Bwejuu yenyewe ina majira yake kwenye ramani, karibu na digrii 8 kusini mwa ikweta, kati ya digrii 39 na 40 mashariki.

Istilahi hii naipenda, na thamani yake naiona zaidi kwenye kikokotoo cha grafu. Mtu akikitazama hudhani kinachora mstari kwa mkupuo mmoja. Sivyo. Casio fx-7000G, iliyotoka mwaka 1985 na kuwa ya kwanza ya aina yake kuuzwa, ilikuwa na kioo cha nukta 96 kwa 64. Ukiingiza mlinganyo, mashine huchukua thamani moja ya x, hukokotoa y, huweka nukta, kisha husogea hatua moja na kurudia. Kazi yote ni majira nukta moja baada ya jingine, na yakikaribiana jicho letu huyaona kama mstari.

Tuchukue bahari. Siku za bamvua maji hujaa mpaka juu kiasi cha saa 10 alasiri, na kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa namba za mfano tunaweza kuandika:

y = 2 + 1.5 cos(0.506(x − 10))

Hapo y ni kina cha maji kwa mita. Na x? Hapa saa yetu inatufaa sana. Kwa kuwa sisi huanza kuhesabu saa za mchana kunapokucha, saa 12 asubuhi inakaa penye sifuri, pale mihimili miwili inapokutana, na mchana x inakuwa saa ya Kiswahili vilevile ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza; saa za usiku ndizo huongezwa 12. Anayetumia saa ya Kizungu itambidi aondoe 6 kwanza.

Sasa kuingiza. Mabano yale ya ndani hayana mzaha. Kila aliyepita shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO, kanuni ya mpangilio wa matendo, na mabano ndiyo yanayoanza. Ukiyasahau ukaandika 0.506x − 10, mashine haitalalamika, itakuchorea wimbi zuri kabisa ambalo maji yake yanajaa saa 7 na dakika 21 mchana. Mvuvi atakayelifuata atakuta hali nyingine ufukweni.

Kingine ni ile alama ya kutoa. Vikokotoo vya Texas Instruments vina vitufe viwili vinavyofanana, na wanafunzi wanaosema Kiingereza huweza kuvichanganya, kwa kuwa lugha yao mara nyingi huviita kwa jina moja. Kiswahili kimeshavitenga: hiki ni cha kutoa, kile ni cha hasi. “Kumi toa tatu” na “hasi tatu” hazigongani mdomoni, kwa hiyo hazina sababu ya kugongana kidoleni. Mwalimu anayeeleza jambo hili kwa Kiswahili amepunguziwa nusu ya kazi, na inaniuma kwamba mtoto akiingia kidato cha kwanza lugha ya somo inageuka Kiingereza, naye anayaacha nyuma maneno haya.

Halafu kuna kipimo cha pembe. Mlinganyo huu unataka radiani. Kikokotoo kikiwa kimewekwa kwenye digrii, utaona mstari ulionyooka juu ya kioo, karibu na 3.5, kama bahari iliyojaa kutwa nzima isipwe.

Mwisho ni dirisha, yaani kipande cha grafu unachotaka kukiona. Weka x kutoka 0 hadi 24, y kutoka 0 hadi 4. Siku hizi si lazima kununua kifaa. GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001, hufanya kazi hiyohiyo kwenye simu bila malipo.

Wimbi likishatokea, tembeza kiteuzi juu yake taratibu. Linashuka, linashuka, kisha linaanza kupanda. Rudi nyuma kidogo usome majira nukta ya pale chini kabisa: x ni 3.79, y ni 0.5. Saa 3 na dakika 47 asubuhi, maji nusu mita, na mashua inayohitaji kina kirefu ingoje.