Jetoni ya tate yangu, ao nani ni mugeni katika inchi hii?



Mimi nililelewa Goma, karibu na Petite Barrière. Tate yangu, mama ya mama, alikuwa anavuka kila asubuhi kwenda Gisenyi kuuza vitenge, jetoni mukononi. Jioni walikuwa wanamupekua mpaka ndani ya kitambaa cha kichwa. Akifika nyumbani alikuwa anacheka: « Bunduki haipitake hapa, inapitaka kule mu milima. »

Leo kila mutu anasema serikali ifunge mipaka juu ya wale wanaoingia bila ruhusa. Mimi pia nataka mpaka wenye kulindwa. Lakini tuangalie historia kwanza.

Mpaka huu ulipatanwa Bruxelles katika mwaka 1910, kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza. Wenye kukaa hapa hawakuulizwa. Goma ikabaki upande huu, Gisenyi upande ule, ndugu wakatenganishwa. Nyuma ya vita ya kwanza ya dunia, Mubelgiji akapewa Ruanda-Urundi pia. Kuanzia 1937 mpaka 1955, yeye mwenyewe alihamisha jamaa nyingi kutoka Rwanda na kuwaleta Masisi, juu alikuwa anatafuta wafanyakazi. Hao hawakuingia kwa kujificha: waliletwa na serikali.

Nyuma ya uhuru, sheria ikaanza kuyumba. Sheria ya 1972 ilipatia uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wanakaa Kivu mbele ya tarehe 1 Januari 1950. Ile ya 1981 ikaufuta, ikarudisha hesabu mpaka 1885. Ile ya 2004 ikaleta hesabu kwenye uhuru, 1960. Mutu mumoja, nyumba moja, shamba moja: leo raia, kesho mugeni, kesho kutwa raia tena! Halafu Julai 1994, watu karibu milioni moja wakaingia Goma kwa siku chache, wakimbizi na wenye silaha wamechanganyikana. Pale ndipo tulijifunza kwa damu kwamba mpaka usiolindwa unaua.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na sisi tunayachanganya. La kwanza: nani anavuka na bunduki? Hilo ni kazi ya jeshi, kule mu milima. La pili: nani ni wa hapa? Hilo ni kazi ya buku la etasivili. Inchi yetu haijahesabu watu wake tangu 1984. Miaka mingi sasa, karte ya uchaguzi ndiyo tunatumia kama kitambulisho. Mwenye nyumba asiyejua hesabu ya watoto wake, atamutambua mugeni kwa njia gani? Kwa pua? Kwa lugha? Tunajua hiyo njia inatufikisha wapi.

Tusisahau: katika 2014 Wakongomani zaidi ya laki moja walifukuzwa ao kukimbia Brazzaville, na katika 2018 wengine wengi sana wakatoka Angola. Siku ile tulilia kwamba wanatendewa kama wanyama. Kilio kile kitukumbushe.

Tudai jeshi kwenye milima na buku kwenye kila komini. Lakini mama mwenye jetoni, mumuache apite.

Mwenye kuona nimepotea, anirekebishe.