Divai ya misa inatoka wapi?



Kwetu Litapunga tuna asali, tuna tumbaku, mahindi, mihogo na ndizi. Zabibu hatuna. Lakini mtoto wa Litapunga analijua neno "mzabibu" kabla hajajua kusoma vizuri, maana analisikia kanisani katika ule mfano wa mwenye shamba na wapangaji wake wakorofi. Mimi nimelisikia hilo neno miaka mingi kabla ya kuuona mzabibu wenyewe, na siku nilipouona nilishangaa kidogo. Nilitegemea mti. Kumbe ni kitu cha kutambaa, kinashikiliwa na nguzo na waya!

Kwa wasiopafahamu, Litapunga ni kata ya Halmashauri ya Nsimbo, mkoa wa Katavi, upande wa Katumba. Ukitaka kwenda Dodoma kwa treni unapanda njia ya Mpanda hadi Kaliua, unaingia reli ya kati, unapita Tabora, ndipo Dodoma. Ni safari ndefu. Ndiyo hiyo hiyo iliyosafiriwa na chupa za divai nilizokuwa nikizibeba nilipokuwa mtumishi wa altare kigangoni kwetu. Zilikuwa zimeandikwa Dodoma.

Swali langu leo ni la kihistoria. Kwa nini Dodoma? Na kwa nini zabibu, wakati sisi huku tunajua kutengeneza vinywaji tangu mababu?

Tuanze na sheria. Kanisa Katoliki halikubali kinywaji chochote kile altareni. Sheria zake zinataka divai ya asili, iliyotokana na tunda la mzabibu, isiyoharibika. Pombe ya asali haifai, hata iwe tamu namna gani. Ya ndizi nayo haifai. Kwa mmisionari aliyeishi katikati ya Afrika karne ya 19, hilo lilikuwa tatizo la usafiri kabla halijawa la imani.

Na mfano mzuri uko hapa hapa mkoani kwetu. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie, uliondoka Bagamoyo Juni 1878. Kundi lililokuwa likienda ziwa Tanganyika lilifika Ujiji Januari 1879. Hesabu mwenyewe miezi hiyo. Mwaka 1885 mapadre hao wakakabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema, ambako leo ni wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Lavigerie alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers, katika nchi ambayo Wafaransa walikuwa wakiijaza mizabibu wakati huo. Kwao divai ilikuwa kitu cha mlangoni. Kwa Karema ilikuwa mzigo wa kichwani mwa mpagazi, kutoka pwani, kwa jua lile, na divai haipendi joto. Divai ikichachuka njiani inakuwa siki, na siki si divai tena.

Reli ilipunguza taabu. Ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Lakini kupunguza taabu ya kusafirisha si kupata cha kusafirisha. Divai bado ilitoka ng'ambo, kwa meli.

Hapo ndipo Dodoma inaingia. Mapadre wa Kiitalia wa shirika la Mateso, Wapasionisti, walikabidhiwa eneo hilo la kanisa mwaka 1935. Fikiria Mwitaliano aliyezaliwa katikati ya mizabibu, amefika Ugogo. Anaona nini? Nchi kavu, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, tena zinanyesha Desemba hadi Aprili tu, halafu basi. Serikali ya kikoloni iliiona kama nchi ya njaa, na Wagogo wenyewe walikuwa na kumbukumbu ya Mtunya, njaa kubwa ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwitaliano yeye akaona jua na ukavu, vitu viwili ambavyo mzabibu unavipenda. Mwaka 1957 mizabibu ikapandwa misheni ya Bihawana, kusini magharibi ya mji wa Dodoma. Lengo halikuwa biashara. Lilikuwa altare.

Watu wa kwetu wameniuliza mara nyingi kwa nini tusipande na sisi. Mvua zetu ni nyingi mno kwa huyu bwana. Majani yakikaa na unyevu siku kadhaa ubwiri unaingia, na ukiingia kwenye vichala umekwisha. Tunachokiita huku baraka, kwake ni ugonjwa.

Sasa ngoja niingie shambani, maana historia bila shamba ni majina na miaka tu.

Ulaya mzabibu unalala. Baridi ikija majani yanaanguka, mti unapumzika miezi kadhaa, unaamka wakati wa joto, unavunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mzabibu ukiuacha utaendelea kuota majani na vijitawi bila mpango, matunda kidogo hapa na pale. Kwa hiyo kinachoulaza na kuuamsha ni mkasi. Mkulima anapogoa, anaacha macho machache kwenye kila tawi, na kuanzia siku hiyo anaanza kuhesabu. Kama miezi minne baadaye anavuna. Ndiyo maana Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka: kwanza mwezi wa tatu hivi, tena mwezi wa nane na wa tisa. Ni jambo ambalo wakulima wa Ufaransa na Italia hawana.

Lakini mavuno hayo mawili si mapacha. Ya mwezi wa tatu yanakuja mvua zikiwa bado zipo. Hapo familia nzima inapigana na ubwiri, inanyunyiza unga wa salfa, mvua inausafisha, inanyunyiza tena. Maji mengi ardhini yanafanya zabibu ziwe na sukari kidogo. Ya mwezi wa nane yanaiva katika ukavu, sukari imejaa, na watengenezaji wanayasifu zaidi. Tatizo la msimu huo ni maji, kwa wale ambao hawana kisima. Na ndege! Kila kitu kingine porini kimekauka, shamba lako ndilo lenye utamu peke yake. Kuna familia niliyokaa nayo upande wa Mpunguzi. Watoto wakitoka shule kazi yao ilikuwa kupiga madebe na kurusha mawe kwa manati mpaka jua lizame. Bibi wa nyumba ile alikuwa anajua kwa kuonja punje moja tu kama kichala kivunwe leo au kisubiri siku tatu. Mjukuu wake alikuwa na kile kipimo cha sukari cha kuchungulia kwenye mwanga. Nilivyowaona, hawakutofautiana sana.

Kuvuna kunaanza alfajiri, kabla jua halijachemsha matunda. Kinamama wanakata, vijana wanabeba kreti. Na hapa ndipo penye uzito wa habari yangu, naomba mnivumilie.

Asali inasubiri. Mrina asali wa Litapunga akikosa bei mwaka huu, anafunga ndoo yake, anaiweka ndani, mwakani bado ni asali. Tumbaku nayo, ikishakaushwa, inasubiri soko, ingawa mkulima ananung'unika. Ndizi haisubiri, lakini mwenye ndizi hamtegemei mtu. Ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na kufunguliwa makazi ya Katumba mwaka uliofuata, wengi wao sasa ni raia wenzetu wa Tanzania, walikuja na ujuzi wa kuivisha ndizi shimoni, kuzikamua kwa nyasi na kuchanganya na mtama uliokaangwa. Familia yenyewe ndiyo kiwanda. Hakuna meneja wa kumsubiri.

Zabibu haina subira ya asali wala uhuru wa ndizi. Ikikatwa leo, kesho imeanza kulainika, kesho kutwa imeanza kuchachuka yenyewe kreti likiwa kwenye jua. Na divai ya kuuzwa dukani inataka matangi safi, chupa, vibali na mtu anayejua. Mwenye shamba anaweza kuwa na zabibu bora kuliko zote Ugogo, lakini kama hana mahali pa kukamulia, ana siku mbili au tatu tu za kuwa tajiri.

Kwa maoni yangu historia ya divai ya Tanzania ni historia ya shinikizo kuliko ya mzabibu. Bihawana walikuwa na vyote viwili, shamba na mahali pa kukamulia, kwa hiyo walipona. Baadaye mizabibu ikatoka misheni. Ikafika gereza la Isanga. Ikafika Makutupora, ambako aina moja nyekundu ikapewa jina la mahali hapo na ndiyo iliyoenea zaidi kwa wakulima. Ikafika vijijini, kwa familia za eka moja, eka mbili. Mwaka 1973 chama cha TANU kikaamua makao makuu yahamie Dodoma, na zabibu ikawa kama nembo ya mji mpya. Shinikizo kubwa likawa la umma, kampuni ya DOWICO. Familia ilipeleka kreti, kampuni ilikamua. Mpango ulieleweka.

Halafu uchumi ukabadilika. Mashirika ya umma yakayumba, milango ya biashara ikafunguliwa, divai za nje zikajaa, na katika miaka ya 1990 DOWICO ikafa. Shinikizo likasimama, lakini mizabibu haikuambiwa. Iliendelea kuzaa mwezi wa tatu na mwezi wa nane kama kawaida yake. Zabibu zikaoza mashambani. Kuna walioiacha mizabibu ikauka, kuna walioing'oa wakapanda mtama na karanga, mazao ambayo angalau watoto wanaweza kula. Siwalaumu. Mzabibu unaanza kuzaa vizuri baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili na ukitunzwa unaweza kuishi miongo. Kuung'oa si hasira ya siku moja. Ni mtu aliyekaa na mkewe usiku wakapiga hesabu.

Waliobaki walibaki kwa ukaidi, au kwa sababu kulikuwa na mapadre waliokuwa wakinunua kidogo kwa ajili ya misa. Miaka ya 2000 viwanda binafsi vikaanza kuja, kimojawapo Hombolo, na mashamba ya pamoja ya umwagiliaji wa matone yakaanzishwa Chinangali. Serikali nayo ikaweka ushuru wa bidhaa mdogo kwa divai ambayo zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani. Ushuru huo ulisaidia. Hata hivyo malalamiko hayajaisha, na ukiyasikiliza ni yale yale: kiwanda kimejaa, kiwanda kimechelewa kuja, kiwanda kimeagiza mchuzi wa nje kwa sababu ni rahisi.

Wakulima wenyewe wamejibu kwa njia ambayo mimi naiona ni ya akili. Wamekuwa na mashinikizo yao. Si makubwa. Mashine ndogo ya kuponda, matangi ya plastiki, banda lenye kivuli. Wanakamua zabibu zao siku hiyo hiyo na kuuza mchuzi. Hapo kazi inafanywa na hamira. Inakula sukari na kutoa kileo, na rangi nyekundu inatoka kwenye maganda, si kwenye nyama ya tunda. Mchuzi ulioshughulikiwa vizuri unasubiri miezi. Yaani mkulima wa zabibu amejinunulia subira, ile ambayo mrina asali wa kwetu amepewa bure na nyuki. Ugumu mpya ni kwamba tangi likijaa na mnunuzi hajaja, mavuno yanayofuata hayana pa kuingia. Na mavuno yanayofuata Dodoma hayako mbali kamwe!

Ukipita barabara ya Iringa mwezi wa nane utaziona zabibu pembeni kwenye vindoo na mabeseni, nyekundu karibu nyeusi. Asubuhi bei ni ya kuringa. Saa kumi jioni imeshuka nusu, mama anakuita kwa sauti, anakuongezea kichala bila kuombwa. Zisizouzwa hadi giza linaingia hazilali sokoni. Zinarudi nyumbani kwa baiskeli, na usiku ule ule zinapondwa.