Kwa Nini Tunaupenda Wimbo Huu na Si Ule: Safari ya Muziki wa Kwaya Yetu



Kamati ya Jubilei ilituomba tuandike historia ya kwaya. Majina ya wenyeviti na walimu wa kwaya mtayakuta kwenye kurasa za nyuma, kwa hivyo hatutayarudia hapa. Tumeona afadhali tuandike juu ya jambo lililotugharimu vikao viwili vizima, yaani nyimbo zipi ziimbwe leo. Wazee walitaka za Kiturkana. Vijana walitaka za Kiswahili zenye kinanda. Kila upande uliona upande wa pili hauna masikio. Mwisho wa kikao cha pili mama mmoja akauliza, "Kwani mtu huupenda wimbo kwa nini?" Hakuna aliyemjibu, maana ilikuwa saa nne usiku na betri ya sola ilikuwa imeisha.

Tumejaribu kumjibu hapa.

Kabla ya kanisa kujengwa popote Turkana, babu zetu walikuwa waimbaji. Kijana alikuwa na maksai wake mmoja aliyempenda kuliko wote, emong. Alizielekeza pembe zake zipinde alivyotaka, akamvisha kengele, akamtungia nyimbo. Aliimba rangi yake, mwendo wake na malisho aliyopitia naye. Hata jina la kijana lilitokana na maksai huyo, na ndiyo maana hadi leo tunao wazee wengi ambao majina yao yanaanza na Apa. Katika edonga aliruka akiinua mikono juu kama pembe, na wenzake wakamwitikia. Hatukuwa na ngoma ya kuwambwa. Mdundo ulitoka kwenye makofi, miguu na kengele. Ngoma mnayoisikia kanisani leo ni mgeni kwetu kama kilivyo kinanda, ingawa vijana wetu hawapendi kuambiwa hivyo.

Mzee mmoja wa hapa kijijini, tulipomuuliza kama aliwahi kuupenda wimbo wa maksai wa mwenzake, alicheka. Akasema unaweza kuuitikia vizuri sana, lakini kuupenda ni jambo jingine. Tumeliandika jibu lake kwa sababu linakaribia sana swali letu: mtu huupenda wimbo ambao ndani yake yumo yeye.

Ila nyimbo hizo zilikuwa na upande mwingine. Mifugo mingi ilipatikana kwa uvamizi, na mvamizi hodari naye alisifiwa kwa wimbo. Hapa mpakani tunajua sifa hizo zilizaa makaburi mangapi. Kwa hivyo hatuwalaumu katekista wa zamani waliokunja uso waliposikia mdundo wa edonga ukiingia kwenye Misa. Waliogopa kwamba mdundo ungerudi na maneno yake.

Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrisi kutoka Ireland waliingia Turkana mwaka 1961, wakati wa njaa kubwa. Mwaka 1968 Lodwar ikawa Prefektura ya Kitume, na mwaka 1978 ikawa jimbo kamili chini ya Askofu John Mahon. Miaka hiyo Kanisa lote lilikuwa likibadilika. Tayari mwaka 1958 huko Kamina, Kongo, Padre Guido Haazen na waimbaji wake walikuwa wameimba Missa Luba, maneno ya Kilatini kwa mtindo wa Kikongo. Kisha tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati juu ya Liturujia, ikisema kwamba muziki wa jadi wa watu katika nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada.

Kwa maandishi, basi, mlango ulikuwa wazi. Lakini wimbo ulioingia kwa wingi ulikuwa wa Kiswahili. Sababu si ngumu. Walimu na katekista wengi walitoka nje ya Turkana, vitabu vya nyimbo vilikuwa vya Kiswahili, na kanda za kaseti kutoka Tanzania zilisafiri kwenye malori pamoja na unga. Kwa wazee wetu wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya chifu na ya duka. Kwetu sisi tulio na miaka thelathini na kitu, ilikuwa lugha ya bweni. Tulijifunza sauti nne kwa chaki ubaoni, do-re-mi ya solfa ile iliyoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, bila kinanda wala noti. Tuliimba tukiwa na njaa, tukiwa tumekumbuka nyumbani, tukiwa na marafiki ambao wengine hatujawaona tena. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wanasema kwamba nyimbo tulizosikia ujanani ndizo hukaa nasi kwa nguvu zaidi uzeeni. Sisi tunaamini, kwa sababu tukisikia wimbo wa Bernard Mukasa ukiimbwa na Kwaya ya Mtakatifu Kizito Makuburi, hatusikii Dar es Salaam. Tunasikia bweni.

Kwa hiyo vijana wetu hawakuwa wanajivuna kikaoni. Walikuwa wakitetea utoto wao, kama wazee walivyotetea wao.

Safari iliyotufundisha zaidi ilikuwa ile ya Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992, na wa kwanza wengi walikuwa vijana kutoka Sudan Kusini ya leo. Tulipanda lori, tukalala Lodwar, tukafika tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Kwaya ya Wakongo iliimba Kiswahili ambacho ilibidi tutege masikio ndipo tukifahamu, na gita lao lilituacha midomo wazi. Baadaye wakaja Wadinka. Nao ni wafugaji kama sisi, nao wana nyimbo za maksai. Francis Deng alizikusanya kitabuni mwaka 1973. Waliimba tenzi za lugha yao, wakiinua mikono. Hatukuelewa neno hata moja, lakini mama zetu walianza kupiga makofi kabla hatujawaambia. Njiani kurudi hakuna aliyezungumza juu ya kinanda.

Mwaka huohuo wa 1973 ni mkubwa kwetu kuliko kwa wengine. Ndipo hapa Lokiriama Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipofanya amani na kuzika silaha. Kila kumbukumbu ya amani hiyo inapofika, wageni kutoka upande wa Moroto huja, na lugha zetu ni karibu moja. Bibi wa kule huanzisha wimbo, bibi wa huku huitikia, bila mazoezi na bila mwalimu wa kwaya. Mtu asiyejua angedhani ni kwaya moja.

Sasa tuseme lililo gumu, kwa sababu Jubilei ni wakati wa kusema kweli. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukijiandaa kwa mashindano, sisi viongozi tuliondoa nyimbo zote za makofi na kuruka. Tulisema hazina sauti nne, zitatupunguzia alama. Mama mmoja aliyeimba nasi tangu mwanzo hakubishana. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma kabisa, na nyingine, na nyingine. Mashindanoni hatukushinda hata hivyo.

Alirudi bila kuombwa, wakati wa ukame, siku tulipomzika mtoto. Kitabu cha nyimbo kilikuwa mkononi mwetu na hakuna aliyeweza kuanzisha. Yeye akaanza, wimbo wa Kiturkana kwa Akuj, uliotungwa na wanawake wa kigango chetu wenyewe kwa mtindo wa nyimbo za maksai. Sisi wanakwaya wenye stashahada tulisimama kimya kwa sababu hatukujua maneno.

Tangu hapo tumekuwa tukiziandika. Wanawake hao walitunga nyimbo tano tunazozijua. Tatu tumezirekodi kwa simu na kuzinakili kwenye daftari. Wa nne tunao ubeti wa kwanza tu. Wa tano hatuna, na aliyeujua wote alifariki kabla ya mvua za mwaka huu, wiki moja kabla ya siku tuliyopanga kwenda kwake.

Leo kwaya itaingia kwa wimbo wa Kiswahili wenye kinanda, na vijana wamejiandaa vizuri, wasikilizeni. Baada ya Komunyo kinanda kitazimwa, na mama zetu watauimba ule wa nne, ubeti ule mmoja, wakiurudia. Mkiutambua, ninyi wa Loima, wa Lodwar au wageni wetu wa Moroto, endeleeni nao pale wao watakapoishia. Katibu atakuwa karibu na mlango wa sakristia hadi chakula kiishe, akiwa na daftari na simu yenye chaji.