Batwa, Majirani Tuliotoka Nao



Tarehe 9 Agosti ni Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili. Umoja wa Mataifa uliiweka mwezi wa Desemba 1994, na mwaka huo sisi watu wa Maziwa Makuu tunaukumbuka kwa jambo jingine. Katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, yaliyowalenga Watutsi, Batwa nao waliuawa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya Batwa 30,000 hivi waliokuwako, karibu 10,000 walikufa. Siku za maombolezo ni nadra kusikia wakitajwa. Ndiyo maana kamati imewapa ukurasa huu.

Tuanze na mtungi. Huko Rwanda na Burundi, Batwa wengi walioacha kuwinda waliishi kwa ufinyanzi. Maji ya kunywa, pombe ya harusi na maharagwe ya jioni, vyote vilikaa katika vyombo vyao. Lakini mfinyanzi mwenyewe alipopita mlangoni akiwa na kiu, hakupewa kikombe cha nyumba. Alinyweshwa kwa kigae au kibuyu kilichotengwa. Watu waliokula kutoka chungu chake walikataa kula naye. Baadaye zikaja ndoo za plastiki na sufuria, mabonde ya udongo wa kufinyangia yakalimwa na wengine, na soko likafa. Ndipo jirani akasema: Mutwa ni mvivu, kazi yake kuombaomba.

Nchini Kongo dharau hiyo ilivaa sare ya serikali. Mwaka 1970 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, na mwaka 1975 mipaka yake ikapanuliwa. Batwa waliokuwa wakiishi msituni walifukuzwa bila fidia. Aliyezaliwa humo akirudi kuchimba dawa au kutafuta asali, aliitwa jangili. Gorila walistahili kulindwa, hilo hatulipingi. Ila watu walioishi nao vizazi na vizazi hawakuulizwa neno. Wakabaki vibarua katika mashamba ya wenyeji wengine, wakilipwa muhogo.

Kinamama wa kamati wametutaka tuandike na jambo ambalo wanaume hulinyamazia. Katika nchi zetu umeenea uongo kwamba kulala na mwanamke wa Kitwa kunaponya maumivu ya mgongo. Kwa uongo huo wanawake wengi wamebakwa, na waliobaka walicheka wakisema wanatafuta dawa.

Sisi tuliovuka ziwa kutoka upande wa Kalemie tunajua yaliyotokea Nyunzu. Tangu mwaka 2013 ugomvi kati ya Batwa na Baluba ulikuwa umegeuka vita. Tarehe 30 Aprili 2015 wapiganaji wa Kiluba waliingia katika kambi ya Batwa waliohama makwao, wakaua kwa mapanga, mishale na mashoka. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba waliokufa ni 30 au zaidi. Kambi hiyo iliitwa Vumilia. Haki inatudai tuseme pia kwamba wapiganaji wa Kitwa walichoma vijiji vya Baluba na kuua watu wasio na silaha. Mwaka 2016 moto uliwaka upya, na safari hii chanzo kimojawapo kilikuwa ushuru waliotozwa Batwa kwa viwavi walivyookota porini. Kufikia mwaka 2017 zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wamehama makwao katika jimbo la Tanganyika.

Waliosimama kupinga wapo, na wa kwanza ni Batwa wenyewe. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwapa viti vitatu Bungeni na vitatu katika Seneti. Mwaka 2015 shauri la Batwa wa Kahuzi-Biega lilifikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi ulipotangazwa mwaka 2024, Kongo ilionekana imevunja haki zao, ikaagizwa irudishe ardhi, ilipe fidia na kuomba radhi. Kabla ya hapo, Julai 2022, Kongo ilikuwa imetunga sheria ya kulinda haki za watu hawa. Sheria hiyo haijafika bombani kwetu: juzi mtoto aliambiwa asiguse ndoo ya mwenzake, eti kwa sababu ni Mambuti. Mzee mmoja aliyekuwa foleni alichukua kikombe cha yule mtoto, akakinga maji, akanywa mbele ya watu wote. Hakuna aliyesema neno.

Daftari la kumbukumbu lililo kwa katibu lina majina mengi ya ndugu zetu waliokufa vitani na njiani. Ya Batwa ni machache mno. Mwenye kuyajua, awe Mutwa, Muluba, Mubembe au mwingine yeyote, ayalete kwa kiongozi wa mtaa wake, pamoja na jina la kijiji na mwaka.