Mvua ya Nyakinywa

Waikizu husimulia kwamba mtemi wao wa kwanza alikuwa mwanamke, na kwamba alikuja na mvua. Jina lake Nyakinywa. Alitoka Kanadi, Usukumani, akafuata vilima kuelekea kaskazini mpaka akafika Gaka, akakaa pangoni. Nchi hiyo leo iko wilaya ya Bunda, lakini ukisimama juu ya vilima vyake uko jirani kabisa na wilaya ya Serengeti, na watu wa pande zote mbili wameoana na kukimbizana na njaa pamoja kwa karne nyingi.

Nchi haikuwa tupu. Alikuwapo Samongo, mwenye ardhi, mwenye moto. Simulizi zinatofautiana kuhusu nani alimchokoza nani, lakini zote zinafika kwenye ushindani: mwanamume na moto wake, mwanamke na mvua yake. Kila mtoto anayesikia hadithi hii anajua mwisho wake kabla haujasemwa, maana maji na moto vikikutana hakuna haja ya refa. Ila Nyakinywa hakumfukuza Samongo. Walipatana. Ardhi ikabaki na wenyewe, utemi wa mvua ukaenda kwa ukoo wa mgeni.

Ukivuka kuingia Serengeti yenyewe, Wanata nao wana mwanamke mwanzoni mwa historia yao: Nyamunywa, mkulima, aliyekutana na Nyasigonko, mwindaji. Si bahati tu kwamba majina ya hao wanawake wawili yanakaribiana sauti. Katika ukanda ule unaoanzia Ziwa Viktoria na kuishia kwenye mbuga, mahali ambapo mvua ikichelewa wiki tatu mtama unakauka ukiwa magotini, anayejua maji na mbegu ndiye anayestahili kuwa mwanzo wa watu.

Sasa tuchukue neno jingine. Tarime, Mkurya akisema *omorogi*, hana haja ya kushusha sauti ili ujue ni neno baya. Ni mchawi. Mkisii ng'ambo ya mpaka analo neno hilohilo, na Mkikuyu mbali kule analo pia, na sisi wa Kiswahili tunalo ndani ya kitenzi *kuroga*. Neno lililoenea hivyo ni la kale kuliko mipaka yote tunayogombania. Omorogi wa hadithi anatoka usiku, ana wivu na watoto wa wenzake, anajua dawa ambazo hakupaswa kuzijua. Na mara nyingi mno, hadithi ikishuka kutoka kwenye kigoda cha babu na kuingia kijijini, omorogi anakuwa bibi fulani mwenye nyumba na jina.

Swali langu ni hili: Nyakinywa ana tofauti gani na bibi huyo?

Jibu la haraka ni kwamba mmoja huleta uhai na mwingine huua. Siliamini jibu hilo. Anayeweza kuita mvua anaweza pia kuizuia, na wazee walilijua hilo vizuri sana. Usukumani, alikotoka Nyakinywa, mtemi ambaye mvua ilimkataa aliweza kuvuliwa utemi. Uwezo ni uleule. Kilichobadilika ni kama jamii imeupa kiti au imeuacha ukae gizani. Mwenye kiti aliulizwa hadharani: mbona mvua hainyeshi? Alijitetea hadharani. Bibi wa kijijini haulizwi. Anasikia minong'ono kisimani, halafu usiku mmoja anasikia hatua nje ya mlango.

Waingereza walipokuja kuitawala Tanganyika walilikoroga jambo hili kwa namna ambayo bado tunaishi nayo. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, walipitisha sheria ya mamlaka za wenyeji: machifu wakawa mkono wa serikali, wakiwemo wale ambao msingi wao wote wa kuheshimiwa ulikuwa mvua. Miaka miwili tu baadaye, 1928, serikali ileile ikatunga Sheria ya Uchawi. Tafsiri ya uchawi ndani yake ni pana kama mbuga: inahusu hata kudai tu kwamba una nguvu za siri au maarifa ya siri. Mtu akiisoma kwa makini, Nyakinywa angekuwa mshtakiwa. Sheria hiyohiyo ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi akaishi mahali atakapopangiwa. Kwa hiyo kalamu moja ilimpa mjukuu wa mvua mshahara wa utemi, na wino huohuo ukamtishia bibi wa jirani kwa kosa ambalo hakuna hakimu angeweza kulithibitisha.

Utemi ulifutwa mwaka 1963. Sheria ya Uchawi haikufutwa; iko mpaka leo kwenye vitabu, Sura ya 18. Kiti kimeondolewa, shtaka limebaki.

Na aliyeongoza nchi wakati kiti kinaondolewa alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, majirani wa Ikizu. Jina alilopewa utotoni, Kambarage, ni la pepo wa mvua. Alizaliwa siku ya mvua kubwa. Kijana wa leo anaweza kulisoma jina hilo kwenye uwanja wa mpira wa Shinyanga bila kujua kwamba amesoma imani nzima ya mkoa wa Mara.

Shinyanga hiyohiyo. Mwaka 1976, huko na Mwanza, vyombo vya dola viliwakamata watu kwa tuhuma za mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Mwanzoni mwa 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kwa kosa ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Barua yake ilipokelewa na Kambarage. Kisa hiki husimuliwa sana, na ni haki, kama somo la uwajibikaji. Wanaosahaulika ni vikongwe ambao mauaji yao ndiyo yaliyoanzisha msako.

Wameendelea kufa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu watu 765 waliouawa nchini kwa imani za kichawi mwaka 2013, na 505 kati yao walikuwa wanawake. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, huko Kisii, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma hizohizo Mei 2008. Macho mekundu yanatajwa kama ushahidi, na macho mekundu yanatokana na moshi: mwanamke aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho gani? Mara nyingi kuna pia shamba. Mjane amekalia ekari ambazo mtoto wa shemeji anazitaka, mtoto wa mtu anafariki kwa malaria, anatafutwa mpiga ramli. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, na hilo neno *chonganishi* nalipenda, maana kwa mara moja lawama ilielekezwa kwa anayenyooshea kidole.

Wenzangu wenye shahada huniambia kwamba hayo ni ya vijijini. Haohao, mdogo wao akifeli mtihani au biashara ikifa ghafla, utawasikia: siamini, lakini kuna watu. Hawalitaji jina. Na shangazi mmoja anaanza kutoalikwa harusini. Hakuna panga hapo, wala sheria ya kumlinda.

Ukimtajia kijana huyohuyo Nyakinywa, kama ni wa Ikizu atanyanyua kichwa kidogo. Huyo ni bibi yetu, atasema, na atakuonyesha kwa mkono upande wa Gaka. Muulize kama bibi huyo alikuwa na nguvu. Atacheka, maana jibu kwake liko wazi. Muulize kisha macho yake yalikuwa ya rangi gani, baada ya kukaa muda wote ule pangoni na moto.