Neno "Kingamwili" na Historia ya Tiba ya Protini Tau

Mfasiri anayeshughulikia maandishi ya tiba ya ugonjwa wa Alzheimer hana budi kukutana na neno kingamwili. Yafaa tuichunguze historia ya neno hili, kwani lina ahadi isiyokuwamo katika neno la asili.

Mwaka 1891 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Ehrlich, alitumia neno Antikörper, yaani kitu kinachopinga kitu kingine. Halitaji kulinda wala kuponya. Sisi katika Kiswahili tumesema kinga, tena ya mwili. Kwa ugonjwa kama pepopunda, ahadi hiyo haikuwa bure.

Mjerumani mwingine, Alois Alzheimer, alieleza mjini Tübingen mwaka 1906 habari za mgonjwa wake, Auguste Deter, aliyepoteza kumbukumbu na kufariki akiwa na umri wa miaka 55. Katika ubongo wake yalionekana mabaka nje ya seli na mafundo ya nyuzi ndani yake. Protini iliyopewa jina la herufi ya Kigiriki, tau, ilielezwa mwaka 1975. Kazi yake ya kawaida ni kuimarisha mirija midogo sana iliyomo ndani ya seli. Kufikia mwaka 1986 wataalamu walikuwa wamebaini kwamba mafundo yale yamefanywa kwa tau.

Baadaye likazuka wazo la kutengeneza kingamwili za kuinasa tau inapotoka seli moja kwenda nyingine. Gosuranemab ilijaribiwa kwa wagonjwa. Ilipunguza tau huru katika ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo, lakini haikupunguza kasi ya kudhoofika kwa akili. Mwaka 2021 jaribio likasimamishwa. Tilavonemab nayo haikufaulu. Sababu moja inayotolewa ni kwamba sehemu kubwa ya tau imo ndani ya seli, ambamo kingamwili hupenya kwa shida.

Kwa hiyo tusiandike "kinga dhidi ya tau". Jamaa ya mgonjwa akisoma hivyo atadhani ni chanjo, au kwamba mzee wake amekwisha kulindwa. Tuandike "kingamwili inayonasa tau", kisha tueleze waziwazi matokeo yaliyopatikana. Istilahi yenyewe imekwisha kuzoeleka, wala hatupendekezi kuiacha. Mzigo wa kuzuia tumaini lisilo na msingi umo katika sentensi inayoizunguka, na sentensi hiyo ni ya mfasiri.