Majalada Yaliyovuka Bahari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya wafanyabiashara, lakini yawafaa mataifa vilevile. Taifa lina mali nyingi: ardhi, watu, sheria, na mambo yaliyopita, na daftari lake ni nyumba ya nyaraka. Picha, ramani na hati huwekwa humo, si kwa sababu zimezeeka, bali kwa sababu siku moja mtu atasimama kudai haki yake, naye atatakiwa atoe ushahidi.

Nchi ya Kenya ilipata sheria ya nyaraka za umma mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru. Baadaye Nyaraka za Taifa zikahamishiwa katika jengo la mawe, katikati ya jiji la Nairobi, lililojengwa hapo awali kwa ajili ya benki. Mahali palipotunzwa fedha pakawa mahali pa kutunza kumbukumbu.

Kila kumbukumbu ina ulimi wake. Ramani husema kwa mstari. Mwaka 1939 serikali ya kikoloni iliweka kisheria mipaka ya Nyanda za Juu zilizotengwa kwa Wazungu, na mstari uliochorwa ofisini ukaamua nani ni mwenye shamba na nani ni kibarua juu ya udongo uleule. Hati husema kwa neno. Kipande, kilichoenea nchini tangu mwaka 1920, kilimlazimisha mwanamume wa Kiafrika kuchukua popote aendapo karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Picha nayo husema kwa sura, walakini huonyesha kile tu ambacho mpigaji alikielekezea jicho lake.

Katika nyaraka za wakati wa ukoloni, aghalabu ndimi zote hizi zilikuwa za mtawala. Kwa hiyo mwenye kusoma hana budi kuuliza maswali mawili: waraka huu uliandikwa na nani, kwa haja gani? Na je, ni waraka gani usiokuwapo? Swali la kwanza hufundishwa katika kila darasa la historia. La pili ni zito zaidi, na mambo ya Kenya yanaonyesha uzito wake.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ikaondolewa mwaka 1960. Katika miaka hiyo maelfu ya watu walitiwa kizuizini kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilieleza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Waraka ulikuwapo, nao ulikuwa na mamlaka yote ya serikali. Kilichokosekana ndani yake ni kweli. Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua mapigo.

Mwaka 1961 Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alitoa maagizo juu ya hati ambazo serikali za uhuru hazikutakiwa kurithi. Miongoni mwake ni zile ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza, au polisi, askari na watumishi wake, au kuwafichua waliompelekea habari za siri. Huko Kenya majalada ya namna hiyo yalitiwa alama ya herufi W, na hayakuruhusiwa kushikwa ila na afisa Mwingereza mwenye asili ya Ulaya. Mengine yaliteketezwa kwa moto, na agizo lilitaka hata majivu yavurugwe. Iliruhusiwa pia kuyatosa baharini ndani ya makasha yenye uzito, mbali na pwani, penye kina kirefu na pasipo mkondo. Mengine, yapata 1,500, yalisafirishwa kwenda Uingereza karibu na uhuru wa mwaka 1963. Serikali ya Kenya ilidai kurudishiwa nyaraka hizo mwaka 1967, haikupewa.

Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa karibu miaka 50 wazee waliopigwa na kuhasiwa kambini walisimulia yaliyowapata. Walisikilizwa kwa huruma na wengine, na kwa shaka na wengi, kwa kuwa kovu halina mhuri wa ofisi. Mwaka 2009 baadhi yao walifungua kesi mjini London. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada yaliyohamishwa yamo ghalani Hanslope Park: yapata 8,800 kutoka katika makoloni 37, ya Kenya yakiwamo.

Serikali hiyo ilijitetea kuwa muda wa kushitaki ulikwisha kupita. Mwezi wa Oktoba 1992 ungalikuwa mbali sana na matukio. Oktoba 2012 ulikuwa mbali zaidi, lakini ndipo jaji alipokataa hoja hiyo, na wingi wa hati ulikuwa mojawapo ya sababu za kuona kwamba kesi ingeweza bado kusikilizwa kwa haki. Karatasi zilizofichwa ili zisiseme zikawa mashahidi wa wale zilizowanyamazia. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Si haki kusema kwamba hati ndizo zilizoleta kweli. Kweli ilikuwako vijijini tangu zamani, midomoni mwa wazee na miilini mwao. Hati zilileta kukubaliwa kwa kweli, na hilo ni jambo jingine. Mwanachuo anayengoja karatasi kabla ya kuamini neno la mzee humpa aliyechoma karatasi uwezo wa kuandika historia peke yake. Naye anayedharau karatasi kwa kuwa ziliandikwa na mtawala huwanyima wanyonge silaha ambayo mtawala mwenyewe aliiogopa hata akataka majivu yake yavurugwe.

Tangu mwaka 2012 majalada hayo yalianza kufunguliwa kwa wasomaji huko Kew, London. Yaliyochomwa hayatafunguliwa kamwe. Kwa hiyo kazi ya mwenye kutafiti ni kusoma rafu pamoja na mapengo yake, na kwenda kwa wazee waliobaki, na watoto wao, akiwa na daftari mkononi, kabla pengo jingine halijatokea ambalo hakuna ghala lolote duniani litakalokuja kuliziba.